Refa Aliyewauliza Watoto

Sagyn hakuwahi kulipwa hata siku moja. Waliomwita mla rushwa vuli ile wangekumbuka hilo kwanza. Kwa miaka kumi na tisa alichezesha mechi za watoto wa Kochkor, mji wetu mdogo wa milimani, na alichoambulia ni koti la mvua lenye jina la duka la mbegu mgongoni na filimbi mbili, moja mbovu. Lakini mtu mwenye hasira hana muda wa kukumbuka.

Kabla ya filimbi alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwenye shamba la ushirika, enzi zile shamba lilipokuwa na kila kitu, pamoja na timu ya mpira. Sagyn alicheza winga ya kushoto, mwembamba, mwenye mbio, na masharubu aliyoyatunza kuliko alivyomtunza mkewe Burulcha. Hayo ni maneno ya Burulcha, si yangu. Shamba likavunjika, kondoo wakagawanywa, mabati yakang'olewa mazizini, na timu nayo ikafa bila mtu wa kuizika. Sagyn akabaki kuchanja kondoo wa majirani siku za kazi, na Jumamosi kukimbia katikati ya watoto wenye kelele.

Alikuwa na mtindo wake wa kuchezesha ambao hamtaukuta kwenye kitabu chochote cha sheria. Pale ambapo hakuona vizuri, alipiga filimbi, akamwita mtoto ambaye uamuzi ungemfaa, akachuchumaa mbele yake macho kwa macho, akamwuliza: ilikuwaje? Alichosema mtoto ndicho kilichokuwa. Mpira umekugusa mkono? Umenigusa, babu. Haya, faulo, chezeni.

"Kondoo hawezi kukwambia anaumwa wapi," alipenda kusema. "Unampapasa tumbo, unamnusa mdomo, unabahatisha. Mtoto ana ulimi. Nibahatishe ya nini?"

Na mtoto aliyesema kweli ikaiumiza timu yake mwenyewe, Sagyn alimpa mkono kwa mikono miwili, kama tunavyowasalimia wazee. Mtoto wa miaka tisa, pua inamtiririka, anapewa mikono miwili mbele ya watu wote! Waliupenda mkono ule kuliko goli. Wapo wanaume leo wanaendesha malori hadi mpaka wa China, vitambi vimewatangulia, na bado watakwambia, "Mimi babu Sagyn alinipa mkono mara tatu."

Sisemi watoto wa zamani walikuwa malaika. Waliiba tufaa, walitupiana mawe, walimfunga mbwa wa mwalimu makopo mkiani. Ila kwenye swali lile hawakudanganya, na sababu ni nyepesi: nyuma yao hakukuwa na mtu. Baba zao walikuwa malishoni huko juu na mifugo, mama zao wanakamua. Mtoto alijibu akiwa peke yake na babu yule na nafsi yake. Siku hizi wazazi wanakuja na viti vya kukunja, chupa za chai na simu zilizonyooshwa mbele. Yote yalianza mwaka ilipotangazwa kwamba timu itakayochukua fainali ya vuli itapelekwa Bishkek, mji mkuu, na huko makocha watachagua watoto wa kuingia bweni la michezo. Tangu hapo hakuna mtoto wa Kochkor aliyecheza mpira. Wanacheza baba zao, kwa miguu ya watoto.

Sagyn alikuwa na sharti la pili, na hili lilimtesa zaidi. Tangu mechi ya kwanza ya masika mpaka fainali, hakanyagi nyumba ya mchezaji yeyote. Hebu fikirini sharti hilo kwa mtu wa Kochkor, mahali ambapo huwezi kupita mlango wa mtu bila kuambiwa "onja mkate," na ukiambiwa huwezi kukataa, maana anayekataa hajamkataa mwenye nyumba, ameukataa mkate wenyewe. Kwa hiyo miezi sita kila mwaka mzee wa watu alipita vichochoroni, kando ya mfereji, kama anadaiwa. Kutahiri, arusi, matanga, Burulcha alikwenda peke yake.

"Ungeoa filimbi tu," Burulcha alimwambia, "mimi ukaniacha kwa mama yangu."

"Filimbi haisemi sana."

"Na haipiki. Leo kajipikie."

Mwaka ninaousimulia, fainali ilikuwa kati ya Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, nusu ya mji dhidi ya nusu. Juu walimtegemea Aktan, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye mguu wa kulia wa ajabu na baba wa ajabu zaidi. Baba huyo ni Rysbek, mwuza makaa ya mawe, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa ukarimu, ambaye mara tatu msimu ule alimwambia Sagyn njiani, "Mzee, kondoo wangu mmoja anakuulizia, njoo tumchinje," na mara tatu Sagyn alimjibu, "Mwambie tutaonana baada ya fainali." Rysbek alicheka, lakini machoni hakucheka. Ndugu yake aliwahi kuwa na kipaji akaishia kuchunga farasi wa watu. Alikuwa ameapa Aktan hatachunga.

Asubuhi ya fainali kichochoro cha mfereji kilikuwa kimechimbuliwa kwa ajili ya mabomba, matope mpaka magotini. Sagyn akasimama, akalitazama goti lake bovu, akapita barabarani. Na barabarani ndipo ulipo mlango wa Rysbek.

Rysbek mwenyewe alikuwa ameshatangulia uwanjani. Mlangoni alisimama mama yake, Bi Sonunbu, kikongwe wa miaka zaidi ya themanini, macho yake yana ukungu, ambaye mpira aliujua kama kitu kinachovunja vioo. Mkononi alishika mkate uliotoka tanurini muda huo huo, mvuke unapanda.

"Nani huyo anapita kama mwizi wa kuku?"

"Ni mimi, mama. Sagyn, mtoto wa Asanaly."

"Sagyn wa Asanaly! Uliyemponya ng'ombe wangu mwekundu! Mbona hunisalimii? Njoo uonje mkate."

"Mama, nina haraka. Nasubiriwa."

"Na nani, na kifo? Hata chenyewe kikija hapa kitaonja kwanza."

Sagyn akatazama huku na huku. Kikongwe alikuwa amenyoosha mkate kwa mikono miwili inayotetemeka, na kama angeuacha uanguke mavumbini, basi dhambi hiyo ingekuwa ya nani? Akamega kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akasema bismillahi, akatafuna, akapangusa uso kwa viganja. Ng'ambo ya barabara, kwenye bomba la maji, mwanamke mmoja alikuwa anajaza ndoo. Alikuwa Zuura, mama yake Bayel, beki wa Mtaa wa Chini. Akamsalimu Sagyn kwa heshima. Sagyn akaitikia. Basi, hayo ndiyo yaliyotokea, wala hakuna la zaidi.

Njiani aliitunga sentensi. Ataisema mbele ya makocha na wazazi wa pande zote kabla ya kupiga filimbi: "Leo nimeonja mkate kwa mama yake Rysbek. Mwenye neno aseme sasa, nimpe mwingine filimbi." Ilikuwa sentensi nzuri, na kama angeisema, yote haya yasingekuwepo. Lakini alipofika nyavu zilikuwa hazijafungwa, mpira hauna upepo, na Tilek, kijana anayesimamia michezo ya watoto wilayani, anazunguka akilia pampu, pampu, nani ana pampu? Kipande cha ukucha wa kidole gumba, Sagyn akajiambia. Nitawachekesha watu bure. Akainama kufunga nyavu.

Hilo ndilo kosa lake. Nalisema wazi kwa sababu nampenda.

Mechi ilikuwa nzuri mpaka dakika za mwisho, bao moja kwa bao moja. Upande wa Juu Rysbek alisimama simu mkononi akirekodi, anapaza sauti, "Ingia ndani, Aktan! Ndani ya boksi! Ndani!" Upande wa Chini Zuura alimjibu, "Bayel, usimwachie hata pumzi!" Kisha mpira mrefu ukapigwa, Aktan akaukimbilia, Bayel bega kwa bega naye, na Sagyn nyuma yao hatua thelathini, goti linamlilia na jua linamkabili. Aliona vumbi. Aktan akawa chini ndani ya eneo la hatari, ameshika kifundo cha mguu, anapiga kelele.

Filimbi. Wote walijua kinachofuata. Sagyn akaja akichechemea, akachuchumaa.

"Aktan. Ilikuwaje, mwanangu? Alikugusa?"

Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akageuza shingo kidogo tu, akatazama kwenye mstari, kule simu ilikonyooshwa.

"Alinigusa," akasema.

Sagyn alijua. Mtu aliyebahatisha matumbo ya kondoo miaka ishirini na kuwauliza watoto miaka kumi na tisa hadanganywi na shingo. Akisema hapana, amemwita mtoto mwongo mbele ya mji mzima, na amekiri kwamba neno la mtoto hulikubali pale tu linapomwumiza mwenyewe. Akisema ndiyo, amewaonea wengine. Akasimama, akanyoosha mkono kwenye alama ya penalti.

"Babu, sikumgusa!" Bayel alimjia mbio, uso mwekundu, machozi yameshafika. "Wallahi sikumgusa! Ameteleza! Niulize na mimi!"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Hakukuwa na haja.

"Nimeshauliza," Sagyn akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Penalti ikafungwa. Bado mpira haujarudishwa katikati, Zuura akapaza sauti ya mwanamke aliyekulia malishoni, ile inayovuka bonde. "Mkate wa Rysbek ulikuwa mtamu, mzee? Nilikuona asubuhi, unatafuna mlangoni kwake!"

Yakaanzia hapo. "Kala mkate!" "Kumbe!" "Miaka yote anajifanya mtakatifu, kumbe anakula mlango wa nyuma!" Filimbi ya mwisho ilipolia, baba mmoja wa Chini na baba mmoja wa Juu walikuwa wameshashikana makoo. Mtu akamsukuma Sagyn, kofia yake nyeupe ya manyoya ya kondoo ikaanguka, na mtu mwingine akaikanyaga, labda kwa bahati mbaya. Watoto walipanga mstari wa kupeana mikono kama alivyowazoeza, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasifanye. Aktan alipofika mbele ya Bayel, Bayel aliweka mikono nyuma. Kisha Bayel akafika mbele ya Sagyn, na mikono ikabaki huko huko nyuma.

Siku ya tatu Tilek akaja nyumbani, akakaa ukingoni mwa godoro la wageni kama mtu asiyetaka kukaa.

"Mzee wangu, hali si nzuri. Mtaa wa Chini wanasema wanawatoa watoto wao wote. Jumapili kuna kikao cha wazazi. Waeleze."

"Niwaeleze nini? Nilikula mkate. Kweli nilikula."

"Uwaambie hukuuza mechi. Yaani..." Akakuna kichwa. "Kuna njia moja tu. Yule mtoto, Aktan, asimame mwenyewe aseme aliteleza. Tutarudia mechi, na maneno yatakufa. Mwite, zungumza naye."

"Nikimwita watasema nimemfundisha."

"Basi sema wewe kwamba alidanganya!" Burulcha aliingilia kutoka jikoni, kijiko mkononi. "Wewe si unajua? Sema! Unamficha nani?"

"Ana miaka kumi na mmoja," Sagyn akasema. "Nikilisema hilo mbele ya Kochkor nzima, ataitwa mwongo mpaka aote mvi. Wewe unaujua mji huu."

"Na wewe uitwe mwizi mpaka ufe?"

"Kwangu mimi si mbali tena."

Burulcha alirudi jikoni akalia kwa kelele za masufuria. Alikuwa mwanamke wa kugombana, lakini siku zile alivunjika moyo kweli. Dukani waliacha kumwita shangazi. Waliokuwa wakileta kondoo wao kuchanjwa walimpelekea kijana wa mtaa wa pili, asiyejua hata kushika sindano.

Jumamosi mchana, Aktan akaja mwenyewe.

Sagyn alimwona kupitia dirishani, anavuka barabara taratibu, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa, na moyo wake ukafanya jambo la kijinga: ukafurahi. Amekuja kusema, akajiambia. Kesho ni kikao, na mtoto amekuja. Nilijua. Alitoka nje akimalizia kuvaa viatu, akamkalisha kwenye benchi uani, hata akasahau kumkaribisha ndani.

"Baba amekutumia hii," Aktan akasema.

Chini ya kitambaa kulikuwa na nyama ya kondoo, bado vuguvugu, na juu yake mfupa wa paja, mfupa ambao kwetu hapewi mtu hivi hivi. Nyumba ikichinja, mfupa huo unawekwa mbele ya mzee mwenye heshima wa ukoo. Rysbek alichinja kusherehekea safari ya Bishkek, na mfupa wa mzee wa ukoo alimpa mtoto wake auvushe barabara mchana kweupe, mtaa wote ukitazama. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Rysbek ni mtu wa shukrani, na hilo ndilo linalotia uchungu.

Sagyn akaiweka sahani pembeni. Akachuchumaa, ingawa goti lilimkatalia, akamtazama usoni.

"Aktan, hapa tuko wawili tu. Baba yako hayupo, sina filimbi, hakuna penalti. Ukisema kweli sitakugombeza, na kama hutaki kusema kesho, usiseme, mimi sitakutaja. Nataka kujua tu. Bayel alikugusa?"

Safari hii mtoto hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa maangavu, yametulia, wala hayakupepesa.

"Alinigusa, babu. Alinipiga hapa, kwa nguvu."

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Walisema hivyo kabla ya Bishkek. Sagyn alitafuta kwenye uso ule alichokiona siku ile uwanjani, ule mdomo uliofunguka ukafungwa, akakikosa. Wiki moja tu ilitosha. Mtoto alikuwa ameshaambiwa na watu wengi mno, mara nyingi mno, kwamba aligongwa, na sasa aliamini, au hakujali tena, na Sagyn hakuweza kujua ni lipi.

"Haya," akasema. "Msalimie bibi yako."

Aktan alinyanyuka, akafika getini, akakumbuka. "Baba amesema nikwambie usiogope kelele za Chini. Mwakani pia utachezesha wewe. Amesema, mwambie mzee, sasa yeye ni mtu wetu."

Sagyn hakwenda kwenye kikao. Alimpa Burulcha filimbi ile nzima ampelekee Tilek, na Mtaa wa Chini wakasema, mnaona, hata kujitetea ameshindwa. Huko Bishkek Aktan alichaguliwa, akakaa bwenini miezi minne, akarudishwa kwa sababu walikuwepo wengine kumi wanaomzidi. Bi Sonunbu alifariki wakati wa theluji bila kujua chochote. Sagyn hakwenda hata kwenye matanga yake, akiogopa watu wataona amekalishwa mahali pa heshima, kama mtu wa nyumba ile.

Masika yalipofika, refa mpya akaletwa kutoka mji wa Naryn, kijana mwenye kadi mbili na saa kubwa mkononi. Anachezesha vizuri, anafuata kitabu, wala hamwulizi mtu. Bayel sasa hachezi beki. Amepelekwa mbele, kushambulia. Jumamosi moja Sagyn alikuwa uani amemshika kondoo wa pekee waliyebaki naye, sindano mkononi, na upepo ulikuwa unatoka upande wa uwanjani. Aliisikia sauti ya Zuura, ile inayovuka bonde, wazi kabisa.

"Ndani ya boksi, mwanangu! Anguka! Anguka!"

Kisha filimbi ikalia, na upande mmoja wa mji ukashangilia.